Nondo Mwenye Fuvu Mgongoni



Usiku mmoja wa majira ya mvua tulikuwa katika kigango kimoja cha mbali, upande wa ziwa Tanganyika. Sala ya jioni ilikuwa imekwisha, na watu wachache walibaki barazani kwa mazungumzo kando ya taa. Mara kitu kikubwa kikaja kutoka gizani, kikaipiga taa, kikaanguka mezani na kuzungukazunguka kwa mabawa yake. Kijana mmoja akakifunika kwa kikapu. Na humo ndani ya kikapu tukasikia kilio chembamba, kama cha panya aliyebanwa na mlango. Kijana akakiinua kikapu kidogo, akachungulia, akaruka nyuma. "Mwalimu," akasema, "huyu ana kichwa cha mfu mgongoni!"

Tulitazama nasi. Alisema kweli. Watu wote wakanyamaza. Katika nyumba ya tatu kutoka pale alilala mtoto mwenye homa kali, na karibu na nyumba ile alikaa bibi mzee mjane, ambaye wote walimwita Kambo. Hakuna aliyelitaja jina lake usiku ule, lakini tuliona jinsi macho yalivyogeuka kuelekea mlango wake. Kulipokucha neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji kizima: mdudu yule ametumwa, na aliyemtuma anajulikana.

Sisi tulisema: "Msiogope, ni mdudu tu." Wakatuuliza: "Mdudu gani, Mwalimu? Kwa nini analia kama mtu? Nani amemwandika fuvu mgongoni?" Tukakosa jibu. Na mtu anayewaambia wenzake wasiogope, naye mwenyewe hajui kitu, hasadikiwi.

Mwisho wa habari hii tutausimulia chini. Kwanza tunataka kulipa deni letu la usiku ule, tueleze mdudu huyu ni nani, alama zake ni zipi, na watu wa zamani walisema nini juu yake. Maana historia yake ni ndefu, na imepita katika nchi nyingi.

I. Alama zake

Kipepeo wa usiku kwa Kiswahili huitwa nondo. Nondo wako wa aina nyingi mno. Wako wadogo ambao watoto wao hula nguo sandukuni, na wako wakubwa kama kiganja cha mkono. Huyu wetu ni wa jamaa ya nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba, ambao huruka kwa kasi kama ndege. Wataalamu humwita kwa Kilatini Acherontia atropos. Sisi hapa tutamwita nondo-fuvu. Anakaa katika sehemu kubwa ya Afrika, tena huonekana Ulaya na nchi za Asia zilizo karibu. Nani akitaka kumtambua, na aangalie alama sita.

Ya kwanza ni ukubwa. Mabawa yake yakitandazwa, kutoka ncha hata ncha ni sentimetri 8 mpaka 12, na pengine 13. Mwili wake ni mnene kama kidole gumba, umefunikwa na manyoya laini.

Ya pili ni mabawa. Anayo manne, kama nondo wote. Mawili ya mbele ni marefu, ya rangi ya kahawia iliyokolea karibu kuwa nyeusi, yenye mawimbi kama gamba la mti lililopitiwa na moto. Katikati ya kila moja kuna nukta ndogo nyeupe au ya manjano. Mawili ya nyuma ni madogo, ya manjano, yenye mistari miwili myeusi. Anapopumzika mchana huyafunika ya nyuma kwa ya mbele, kama paa la nyumba, hata mtu apite karibu na mti asimwone.

Ya tatu ni tumbo. Ni la manjano, lenye pete nyeusi, na katikati kutoka juu hata chini unapita mstari wa rangi ya majivu yenye buluu. Akiyafungua mabawa yake kwa ghafula, mtu hudhani ameona nyigu mkubwa ajabu.

Ya nne ndiyo iliyompatia sifa mbaya. Nyuma ya kichwa, juu ya mgongo, manyoya meusi na ya manjano yamepangika mahali pamoja hata kufanya sura ya fuvu la mtu, na matundu mawili ya macho. Si fuvu la kweli, wala si mchoro wa mtu yeyote. Ni rangi ya manyoya tu, kama vile jicho zuri lililo katika unyoya wa tausi si jicho la kuonea.

Ya tano ni mdomo. Nondo wengine wa jamaa yake wana mrija mrefu wa kunyonyea asali ya maua yenye shimo refu. Mrija wa nondo-fuvu ni mfupi, haufiki sentimetri 2. Lakini ni mnene, mgumu, na wenye ncha kali. Mrija huu haukufanywa kwa maua. Kazi yake tutaiona mbele.

Ya sita ni sauti. Ukimshika, au ukimfunika kwa kikapu, hulia.

Tusimchanganye na nondo wengine wakubwa wanaokuja taani. Wako wale wenye mabawa mapana, na juu ya mabawa alama za duara kama macho, na vipapasio kama manyoya ya ndege. Hao ni jamaa nyingine. Wakiisha kuwa nondo hawali kitu tena mpaka kufa. Wasomaji wetu wa Katanga wanawajua watoto wao vizuri, maana wengi wa viwavi wanaookotwa porini na kukaushwa na kuuzwa sokoni kwa kitoweo ni watoto wa jamaa hiyo. Nondo-fuvu hana macho mabawani, na vipapasio vyake ni vifupi na vinene.

II. Maisha yake

Nondo jike hutaga mayai yake moja moja chini ya majani. Hupenda mimea ya jamaa ya mnavu na nyanya: mbatata, biringanya, tumbaku, ndulele. Pengine hutaga juu ya ufuta au mimea mingine. Yai huangua kiwavi mdogo, naye kazi yake ni moja tu, kula. Hula, hukua, huvua ngozi iliyombana, hula tena. Ngozi huivua mara nne, na mwisho huwa na urefu wa sentimetri 12 au 13, mnene kuliko kidole. Rangi yake yaweza kuwa ya kijani, au ya manjano, au ya kahawia. Ubavuni ana mistari ya kukingama, na mkiani ana pembe moja iliyopindika. Pembe hiyo haina sumu. Ukimsumbua hugonganisha taya zake na kutoa mlio mdogo: tik, tik.

Akiisha kushiba huteremka chini, hujizika ardhini, hujifanyia chumba kidogo katika udongo, na humo huvua ngozi yake mara ya mwisho. Mwili wake huwa ganda gumu la kahawia, refu la sentimetri 7 au 8, lisilo na miguu wala mdomo. Mtu akilichimbua kwa jembe hudhani amepata mbegu ya mti. Lakini ndani ya ganda mwili wa kiwavi unafanywa upya. Katika nchi za joto majuma machache yakipita ganda hupasuka, na nondo hutoka udongoni, mabawa yake yamekunjamana na kuwa laini. Hupanda juu ya kijiti, hungoja mabawa yake yanyoke na kukauka, na usiku huruka.

Hayo ndiyo maisha yake yote: yai, kiwavi, ganda, nondo. Hakuna mahali katika njia hiyo ambapo mtu hutia mkono wake.

III. Majina yake

Aliyempa jina la Kilatini ni Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika mwaka 1758. Alimwita Sphinx atropos. Neno Sphinx linatoka kwa ile sanamu kubwa ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mfaransa mmoja, Réaumur, aliona kwamba viwavi wa jamaa hii wakipumzika huinua kichwa na kifua wakakaa kimya, mfano wa sanamu ile.

Lakini Atropos je? Hapo Linnaeus alichota katika hadithi za wapagani wa Ugiriki. Wao walisema kwamba wako akina dada watatu wanaoshika maisha ya watu kama uzi: mmoja huusokota, wa pili huupima, wa tatu huukata kwa mkasi. Yule wa tatu, mkata uzi, ndiye Atropos. Baadaye, mwaka 1809, Mjerumani Laspeyres alimtenga nondo huyu na wengine akamtilia jina la Acherontia, kutoka Acheron, ule mto wa wafu wa hadithi zilezile. Katika Asia wako ndugu zake wawili, nao wakapewa majina ya namna hiyo. Mmoja ni lachesis, yule dada mpima uzi. Wa pili ni styx, mto mwingine wa wafu.

Basi angalieni, wasomaji. Wataalamu hao hawakuamini kwamba mdudu analeta kifo. Hata hivyo walipoona fuvu walimvika majina ya makaburini, nayo anayo hata leo. Jina likiisha kubandikwa ni kazi kubwa kulibandua. Mdudu halijui jina lake, wala halimwumizi. Mwanadamu akibandikwa jina baya, analijua.

IV. Hofu ya Ulaya

Wengine husema kwamba kuogopa wadudu na bundi ni ujinga wa watu weusi. Historia haikubali. Katika Ufaransa, upande wa Bretagne, yaani mwambao wa magharibi, wakulima walitetemeka kwa ajili ya nondo huyuhuyu. Réaumur aliandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1736. Mwaka ambao nondo-fuvu walionekana wengi, na maradhi nayo yakawa mengi, watu waliunganisha mambo hayo mawili wakasema huyu ndiye aliyeleta yale. Sauti yake waliiita kilio cha msiba. Wengine waliamini kwamba vumbi la mabawa yake likiingia machoni mtu atakuwa kipofu.

Tuseme ukweli juu ya vumbi hilo. Mabawa ya kila nondo na kipepeo yamefunikwa na magamba madogo sana, yamepangwa kama vigae vya paa. Ukiyagusa hubaki kidoleni kama unga. Hayapofushi mtu. Nondo-fuvu hana mwiba, hana sumu, wala hana meno.

Hata wenye kuchora na kuandika walimtumia kama alama ya kifo. Mwingereza William Holman Hunt, mwaka 1851, alichora picha ya mchungaji wa mshahara, yule wa Injili asiyejali kondoo. Katika picha, kondoo wanatawanyika na kuingia katika nafaka, naye mchungaji ameketi na msichana anamwonyesha nondo-fuvu aliyemkamata. Wachunga kondoo wa Uingereza walimwona nondo huyu kuwa ishara ya mkosi. Na mwaka 1991 ilitoka Marekani sinema moja ya mauaji, na tangazo lake lilikuwa uso wa mwanamke na nondo huyu juu ya midomo yake. Wengi wa mijini wanaomwogopa leo wameipata hofu yao katika tangazo lile, si kwa mababu.

Ndiyo maana twasema hofu hii haina kabila. Wazee wetu walisema: usilolijua ni usiku wa giza. Hawakusema ni usiku wa giza kwa taifa fulani tu.

V. Mwizi wa asali

Sasa tutaje kosa lake la kweli, maana analo moja. Nondo-fuvu ni mwizi wa asali.

Katika Geneva, nchi ya Uswisi, aliishi mtu aitwaye François Huber, aliyezaliwa mwaka 1750. Tangu ujana wake alianza kupoteza macho, akawa kipofu. Lakini alitamani kujua maisha ya nyuki. Basi mtumishi wake, François Burnens, alitazama kwa niaba yake, naye Huber aliuliza, akafikiri, akaagiza jaribio lingine. Hivyo kipofu alijua habari za nyuki kuliko wenye macho wote wa siku zake.

Mwaka 1804 wafuga nyuki wa pande zile walilalamika kwamba mizinga yao inakuwa myepesi, asali inapotea usiku. Walipovizia wakamkuta mwizi, naye ni nondo-fuvu. Alikuwa akiingia mlangoni mwa mzinga na kufika kwenye masega. Hapo ndipo tunapofahamu kazi ya ule mrija mfupi wenye ncha kali, maana hutoboa nta ya sega na kunyonya asali iliyomo.

Huber aliona jambo la ajabu zaidi. Nyuki waliupunguza mlango wao wenyewe. Walijenga ukuta wa nta na ulimbo, wakaacha vitundu ambavyo nyuki mmoja tu aweza kupita, na nondo mnene hawezi. Mwaka 1805 wakati wa maua walikuja kuubomoa ukuta ule, sababu mlango mwembamba uliwazuia kazini, na mwizi hakuonekana. Miaka miwili alikuwa hayupo. Mwaka 1807 aliporudi kwa wingi, wakajenga tena.

Lakini msomaji atauliza: nyuki maelfu wenye miba, wanamwachaje mwizi mmoja aingie? Jibu lilichelewa kupatikana. Mwaka 1991 wataalamu waliipima harufu ya mwili wa nondo-fuvu, wakakuta juu ya ngozi yake mafuta ya namna nne, yaleyale yaliyo juu ya ngozi ya nyuki. Katika giza la mzinga nyuki hutambuana kwa kunusa. Mgeni huyu ananuka kama mtu wa nyumbani, basi wengi hawamjali. Tena ngozi yake ni nene. Si kwamba hupona sikuzote. Pengine hutambuliwa, hupigwa miiba hata kufa, na kwa kuwa mzoga ni mzito hautolewi nje, nyuki huupaka ulimbo na kuuacha palepale.

Na sauti yake? Réaumur alidhani inatokana na kusuguana kwa viungo vya mdomo. Haikuwa hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walimtazama ndani kwa eksirei na kamera za kasi sana. Wakaona kwamba nondo huvuta hewa kwa mrija wake mpaka katika chumba kilicho nyuma ya mdomo, na hapo kuna kifuniko kidogo kinachotetemeka. Kisha huisukuma hewa nje. Ni kama kinanda cha mkono, kile cha kuvuta na kubana: kuingiza hewa sauti moja, kuitoa sauti nyingine. Huyu mdudu halii kwa ajili ya mfu. Analia kwa kuwa ameshikwa, ili adui ashtuke amwachilie.

VI. Msafiri kutoka Afrika

Jambo moja limetufurahisha kuliko yote, nalo ni kwamba nondo-fuvu wanaoonekana katika Ulaya ya kaskazini ni wasafiri. Baridi ya kule huua maganda yaliyo ardhini. Kila mwaka majira ya joto yakija, nondo kutoka Afrika ya kaskazini na nchi za kusini ya Ulaya huvuka bahari ya Mediteranea na milima ya Alpi, hutaga mayai katika mashamba ya kaskazini, na watoto wao huruka kurudi kusini kabla ya baridi. Mashamba ya mbatata yaliwasaidia. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini, na ulipoenea Ulaya nondo walipata chakula tele kwa watoto wao. Viwavi wachache katika shamba hawafanyi hasara kubwa.

Zamani watu walidhani kwamba mdudu husukumwa na upepo tu, kama jani kavu. Mwaka 2022 ilitangazwa kazi ya wataalamu wa Konstanz, Ujerumani. Waliwabandika nondo-fuvu 14 vyombo vidogo vya redio, kila kimoja chini ya gramu moja, wakawaachilia usiku, na kuwafuata kwa ndege ndogo. Waliowafuata mbali zaidi waliwafuata kilometa 80, kwa saa nne hivi. Wakaona ya kuwa nondo hushika njia iliyonyoka. Upepo ukiwasaidia hupanda juu. Upepo ukiwapinga hushuka karibu na nchi na kuongeza nguvu, lakini njia hawaiachi. Mdudu wa gramu chache aijua njia yake gizani, juu ya milima ambayo kilele chake kina theluji. Hiyo nayo tunaihesabu kuwa alama yake, ya saba, ingawa haionekani kwa macho.

VII. Mwisho wa habari ya kigango

Sasa turudi kwa Kambo.

Siku tatu zilipotea kwa maneno. Wakubwa wa ukoo wa mtoto walikaa kikao, wakabishana nani ametuma, kwa kosa gani, na alipwe nini. Katika siku hizo tatu mtoto hakupelekwa dispensari, sababu walisema ugonjwa wa kutumwa hauponi kwa sindano. Siku ya nne mama yake alimbeba mgongoni alfajiri bila kumwaga mtu yeyote, akatembea mpaka misioni. Walimpima damu, wakakuta malaria. Alitibiwa, akapona. Lakini muuguzi alisema wazi kwamba kesho yake wangekuwa wamechelewa.

Kambo hakungoja hukumu. Asubuhi moja tuliukuta mlango wake umefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya mto, kwa miguu, katika mvua, na kuku wake walibaki wakizurura uani. Hatukuweza kulala vizuri. Sisi tuliitwa Mwalimu, na siku ya kuulizwa swali tulikuwa na neno moja tu, "msiogope".

Ndipo tulipoanza kutafuta. Tulimwuliza padri mmoja mpenda viumbe, akatuazima kitabu, na mengi mliyoyasoma hapa yalianzia hapo. Lakini tulijua kwamba kitabu cha Kifaransa hakitatosha kwa wazee. Basi tuliwaambia watoto wa shule: "Atakayeona katika mbatata au ndulele kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, asimwue, atuletee." Haikupita muda mrefu, msichana mmoja akaleta wawili juu ya jani.

Tukawatia katika debe lenye udongo nusu, tukaliweka barazani pa kanisa, mbele ya watu wote. Kila siku watoto walileta majani. Kila siku wazee walipita, wakachungulia, wakacheka kwa jinsi viwavi walivyokula. Siku moja viwavi hawakuonekana tena. "Wamekufa," wakasema. Tukafukua udongo kidogo tukawaonyesha maganda, tukayafunika tena. Yule kijana wa kikapu alijipa kazi ya kulinda debe, asije kuku akaparua.

Ganda moja liliharibika. La pili, baada ya majuma matatu na zaidi, lilipasuka jioni moja kabla ya sala. Nondo alitoka udongoni, akapanda kijiti tulichomwekea, akatulia, mabawa yake yakanyoka taratibu mbele ya kijiji kizima. Mgongoni alikuwa na fuvu lake. Mzee wa kikao, yule aliyesema kwa nguvu kuliko wote, aliinama akatazama muda mrefu. Kisha akauliza: "Na huyu ametumwa na nani?" Hakuna aliyejibu. Wote walikuwa wamemwona akila majani.

Kesho yake yule kijana alivuka mto. Baba wa mtoto aliyepona alikwenda naye.

Kambo alirudi wakati wa kuvuna mihogo. Paa lake lilikuwa limekwisha kuezekwa upya. Hakusema neno juu ya mambo yaliyopita, nasi hatukumwuliza. Siku ya Jumapili, baada ya sala, alikuja barazani akaomba kuona debe. Tulikuwa tumeliweka lile ganda tupu katika karatasi. Akalishika kwa vidole viwili, likawa jepesi kama ganda la karanga, akaligeuza upande huu na upande huu.

"Ni hili tu?" akasema.

"Ni hilo tu, Kambo."

Akaturudishia, akaenda kuwaita kuku wake.